Kituo kimoja, miji kadhaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuchangia kituo cha urejelezaji

Miji inayopakana ikiamua kutumia kituo kimoja cha urejelezaji, maswali huanza kabla hata kiwanja hakijapatikana. Wakazi wanauliza kama takataka za wenzao zitaletwa mlangoni kwao. Madiwani wanauliza nani atalipa nini. Madereva wanauliza foleni getini itakuwa ndefu kiasi gani. Hapa nimekusanya yale yanayojirudia zaidi. Mengine yanatosha mistari miwili, mengine nimeyakalia kwa muda, kwa sababu ndipo nilipoona mipango mizuri ikivunjika.

Kituo cha urejelezaji kinafanya kazi gani hasa?

Kinachambua. Watu wengi wanadhani chupa ya plastiki huingia mlango huu na kutokea mlango ule ikiwa chupa mpya. Sivyo. Kituo hupokea taka kavu kutoka majumbani, madukani na maofisini, huzitenga kwa aina, huondoa zisizofaa, kisha huzishindilia kuwa marobota ya kuuzia viwanda. Kiwanda cha karatasi ndicho kinachogeuza maboksi makuukuu kuwa maboksi mapya, na tanuri la kuyeyushia ndilo linalogeuza makopo kuwa bamba za alumini. Kituo kimekaa katikati ya pipa la mkazi na geti la kiwanda, na kazi yake hupimwa kwa usafi wa robota linalotoka.

Kila kituo hubakiwa na kitu kisichouzika. Mabaki hayo yataishia dampo au kwenye tanuri la kuchomea taka, na yanalipiwa. Anayekuambia kituo kitamaliza haja ya dampo hajakaa upande wa mabaki.

Kwa nini kila mji usijijengee wake?

Kwa sababu mashine haziko kwa saizi ya kila mji. Chekeche, sumaku, kamera za kutambua plastiki na mashine ya kushindilia hugharimu karibu kiasi kilekile, zifanye kazi saa tatu kwa siku au saa kumi na sita. Mji mdogo ukijenga peke yake, mashine hulala kuliko zinavyofanya kazi, na deni halilali.

Kuna pia suala la wanunuzi, ambalo watu hulisahau. Kiwanda hutaka lori lililojaa marobota ya aina moja, na linalofuata liwe la ubora uleule. Mji mdogo unaweza kukaa miezi ukisubiri makopo ya alumini yajaze lori moja, huku maboksi yakilowa uani. Mwishowe unamuuzia dalali kwa bei anayoitaka yeye. Miji mitatu kwa pamoja hujaza lori kila baada ya siku chache, na mwenye mzigo wa uhakika ndiye anayepewa mkataba wa muda mrefu. Mafundi nao ni hivyohivyo: fundi anayezijua kamera za kuchambulia hapatikani kila mtaa, na hakubali kuajiriwa kwa saa tatu.

Lakini nisidanganye. Kama jirani yako yuko mbali sana na taka zenu nyote ni chache, banda lenye meza za kuchambulia na mashine ndogo ya kushindilia linaweza kuwatosha. Kuungana ili tu muonekane wa kisasa ni kununua matatizo.

Je, jambo hili limewahi kufanyika likadumu?

Limefanyika, na kwa miaka mingi. Nchini Ureno, manispaa nane za eneo la Porto ziko pamoja katika shirika la Lipor, lililoanzishwa 1982. Huko Finland, Helsinki na majirani zake Espoo, Vantaa na Kauniainen waliunda mamlaka moja iitwayo HSY, iliyoanza kazi 2010 ikishughulikia maji na taka, na eneo lake kuu la taka, Ämmässuo, liko ndani ya Espoo. Kusini mwa Sweden kuna Sysav, kampuni inayomilikiwa na manispaa za huko, Malmö ikiwamo. Paris na miji zaidi ya 80 inayoizunguka wamo katika chombo kimoja kinachoitwa Syctom, kilichoundwa 1984. Ufaransa imekuwa na sheria inayoruhusu miji kuungana kwa kazi maalumu tangu 1890, zamani sana kabla ya mtu yeyote kuwaza chupa za plastiki.

Angalia wanachofanana. Kila mmoja ana chombo chenye sura yake kisheria, akaunti yake na vitabu vyake vya hesabu. Hakuna aliyetegemea barua ya mapatano kati ya mameya wawili waliokuwa marafiki. Mameya hubadilika, deni la mashine linabaki palepale.

Kwa nini tusitafute mahali mbali kabisa, tukapeleke huko?

Mwaka 1987 tishari lililoitwa Mobro 4000 liliondoka New York likiwa na zaidi ya tani 3,000 za taka, zikiwamo za mji wa Islip, likaelekea North Carolina. Likakataliwa. Likashuka kusini hadi pwani za Mexico na Belize, nako likakataliwa. Baada ya miezi baharini lilirudi lilikotoka, taka zikachomwa Brooklyn, na majivu yakazikwa Islip kwenyewe. Mbali nako kuna watu, na wana sheria zao. Jirani unayepakana naye angalau mnaweza kukaa meza moja kabla gari halijapakiwa.

Lori likiingia getini, nini hutokea?

Kwanza hupanda mizani likiwa limejaa. Baada ya kumwaga hupanda tena likiwa tupu, na tofauti ya namba hizo mbili ndiyo tani za mji husika. Karani huandika namba ya gari, mji lilikotoka na saa. Inaonekana kazi ndogo, ila fedha zote za ushirikiano huu hupita kwenye karatasi ile. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari.

Lori humwaga shehena yake sakafuni, na mtu mwenye macho makali huizunguka kabla haijasukumwa. Anatafuta mitungi ya gesi, betri, magodoro, mipira ya maji na minyororo. Kisha shehena hupanda mkanda. Wachambuzi wa kwanza huondoa vikubwa visivyofaa kwa mikono. Maboksi hupita juu ya safu za diski zinazozunguka, vidogo vikidondokea chini kati ya diski. Chekeche la pipa huzunguka na kutenganisha vipande vidogo. Sumaku iliyoning'inizwa juu ya mkanda huvuta makopo ya chuma.

Alumini haivutwi na sumaku ya kawaida, kwa hiyo hutumika ujanja mwingine. Mwishoni mwa mkanda kuna rola yenye sumaku ndani yake zinazozunguka kwa kasi kubwa. Zinaamsha mkondo wa umeme ndani ya kopo, na kopo linaruka lenyewe mbele, kuvuka kizuizi, huku karatasi na plastiki zikianguka karibu. Ukiliona mara ya kwanza utadhani kuna mtu anayarusha makopo kwa mkono. Plastiki nazo hupita chini ya kamera zinazosoma miale ya infraredi. Kila aina ya plastiki huirudisha miale hiyo kwa namna yake, na kamera ikishaitambua, pumzi ya hewa huipiga chupa hadi kwenye kapu lake.

Mwisho wa mstari bado kuna binadamu. Mashine hukosea, na jicho la mtu aliyezoea ndilo linaloamua kama robota litakubalika kiwandani.

Kinachosumbua kuliko yote katika safari hii ni mifuko laini na kamba. Hujizungusha kwenye mhimili wa diski kama uzi kwenye kigurudumu cha cherehani. Ikishajazana, mstari wote huzimwa, umeme hufungwa kwa kufuli, na wafanyakazi huingia ndani na visu kuikata kipande kwa kipande. Saa hizo hazimwingizii mtu kitu, na miji yote inazilipia.

Gharama hugawanywaje?

Hapa ndipo kila mwamba ngoma huvutia kwake. Mji mkubwa unataka kulipa kwa usawa. Mji mdogo unataka kulipa kwa idadi ya watu. Mji wenye viwanda vingi hautaki viwanda vihesabiwe.

Njia ninayoiona ya haki ni kutenga gharama za aina mbili. Za kwanza ni zile zisizobadilika: mkopo wa mashine, bima, mishahara ya msingi, kodi ya kiwanja. Hizi zigawanywe kwa nafasi ambayo kila mji umejiwekea kituoni, kwa sababu hata usipoleta lori leo, nafasi yako ilijengwa. Za pili ni zile zinazopanda na kushuka na mzigo, yaani umeme, waya za kufungia marobota, vipuri na saa za ziada. Hizi zilipwe kwa kila tani iliyosomwa kwenye mizani.

Mapato ya mauzo nayo yagawanywe, lakini yasigawanywe kwa tani tupu. Tani moja ya makopo ya alumini haifanani kwa bei na tani moja ya karatasi mchanganyiko. Na hilo linatupeleka kwenye swali lililo gumu kuliko mengine.

Mji mmoja ukileta taka chafu, nani anaumia?

Wote, na wasafi ndio wanaoumia zaidi. Tuchukue mfano wa miji mitatu. Wa kwanza unaleta tani 600 kwa mwezi, na asilimia 10 yake haifai kurejelezwa: tani 60 za mabaki. Wa pili unaleta tani 300, lakini asilimia 25 haifai: tani 75. Wa tatu unaleta tani 100 tu, asilimia 5 haifai: tani 5. Jumla ni tani 1,000, na mabaki ni tani 140.

Sasa mabaki yale lazima yapelekwe dampo kwa malipo. Mkataba ukisema tu kwamba gharama ya mabaki hugawanywa kulingana na tani zilizoingia, mji wa kwanza utalipia tani 84, wa pili 42, na wa tatu 14. Angalia tena. Mji wa pili umezalisha tani 75 na kulipia 42. Tani 33 zimebebwa na wenzake: 24 na mji wa kwanza, 9 na mji wa tatu. Mji wa tatu, uliofundisha wakazi wake kwa bidii, unalipa karibu mara tatu ya uchafu wake. Miaka miwili hivi, diwani mmoja wa huko atasimama barazani na kuuliza bidii ile ilikuwa ya nini, na hatakuwa na mtu wa kumjibu.

Dawa yake ni kuchukua sampuli. Kila mji uchukuliwe sampuli za malori yake bila taarifa ya mapema, siku tofauti za wiki, masika na kiangazi. Shehena humwagwa, huchanganywa kwa koleo, hukusanywa kuwa tuta, na tuta hukatwa robo nne kama mkate. Robo mbili zinazotazamana huondolewa, mbili zilizobaki huchanganywa tena, na kazi hurudiwa hadi kubaki fungu linaloweza kuchambuliwa mezani. Kila aina huingia ndoo yake, na kila ndoo hupimwa. Mjumbe wa mji husika awepo, ashuhudie, atie sahihi.

Niliwahi kusimama kwenye meza kama hiyo. Mchambuzi aliokota chupa ya nusu lita iliyokuwa bado na kinywaji, akaifungua, akaimimina kwenye ndoo bila kusema neno, kisha akaweka chupa tupu kwenye mizani ndogo. Haikufika gramu 30. Kilichomiminwa kilikuwa kama gramu 500. Mji ule ulikuwa unalipa kupakia, kusafirisha na kupimiwa maji, mara nyingi zaidi ya uzito wa plastiki yenyewe, na chupa kama ile ikipasuka kwenye lori, maji yake hulowesha karatasi zilizo karibu. Tangu siku hiyo nikisikia mtu akisema elimu kwa wakazi ni jambo la pembeni, huwa naikumbuka ndoo ile.

Matokeo ya sampuli ndiyo yaamue mji upi unalipia mabaki kiasi gani na unapata mapato kiasi gani. Mji uliovuka kiwango upewe muda wa kurekebisha kabla ya kutozwa, na shehena iliyo mbaya kupindukia irudishwe. Nasisitiza: mambo haya yaandikwe kabla ya lori la kwanza. Baada ya hapo kila anayeyapendekeza ataonekana ana mtu anayemlenga.

Lazima miji yote iwe na masharti sawa ya nini kiwekwe kwenye pipa?

Ndiyo. Mstari wa mashine ni mmoja, na haujui mpaka wa mji uko wapi. Watu nao hulala mji huu na kufanya kazi mji ule, na wakikuta masharti mawili watayapuuza yote mawili. Orodha iwe moja, yenye picha, na rangi ya mapipa iwe moja pia kama fedha zinaruhusu.

Orodha hiyo isijengwe juu ya alama ya pembetatu yenye namba 1 hadi 7 chini ya chombo cha plastiki. Namba hizo zilianzishwa Marekani 1988 na chama cha wenye viwanda vya plastiki ili kutambua aina ya plastiki. Hazisemi kwamba chombo hicho kina mnunuzi. Chupa za maji, ambazo ni namba 1, na madumu magumu ya sabuni, namba 2, ndivyo kwa kawaida vyenye soko la kueleweka. Ukiwaambia wakazi waweke kila chenye pembetatu, umewaalika walete mabaki.

Chupa za kioo zina shida gani?

Zinavunjika. Vipande vyake hujichomeka kwenye maboksi, na kiwanda cha karatasi hakitaki kuviona, halafu vinasaga mikanda na mashine kama msasa. Kioo chenyewe ni mali nzuri, kinaweza kuyeyushwa tena na tena bila kupoteza ubora. Kipeni chombo chake tangu mwanzo na kisipite kwenye mstari mmoja na karatasi.

Soko likianguka, ushirikiano utaokoka?

Lilishaanguka, na tulijifunza. Kwa miaka mingi China ilikuwa mnunuzi mkubwa kuliko wote wa plastiki na karatasi zilizotumika. Julai 2017 ilitangaza kwamba itafunga mlango kwa aina nyingi za taka, na zuio likaanza Januari 2018. Kwa zilizoendelea kuruhusiwa, kiwango cha uchafu kikashushwa hadi asilimia 0.5. Marobota yaliyokuwa yakiuzika wiki iliyotangulia yakarundikana uani. Kisha marekebisho ya Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa unaosimamia taka zinazovushwa kati ya nchi, yaliyopitishwa 2019 yakaanza kutumika 1 Januari 2021, na plastiki chafu au zilizochanganywa haziruhusiwi tena kuvuka mipaka bila nchi inayozipokea kukubali kwanza.

Kituo cha pamoja kilichozoea kutoa marobota machafu kiliumia sawa na cha mji mmoja. Kilichokuwa na marobota safi kilipata wanunuzi wengine, kwa bei ya chini, lakini kilipata. Kwa hiyo msipige bajeti ya kituo kwa bei ya mwaka mzuri. Mauzo yakipanda, sehemu ya ziada iwekwe akiba. Yakishuka, miji ichote humo kabla ya kuongeza ada kwa wakazi. Na itamkwe wazi kwa wananchi tangu mwanzo kwamba kuchambua taka ni huduma yenye gharama, sawa na kusafisha maji. Waliowaahidi watu kwamba kituo kitajilipa chenyewe kwa mauzo ndio waliowaweka wenzao pabaya.

Kusafirisha taka hadi mji wa jirani si kunapoteza faida yote?

Inategemea namna ya kusafirisha. Chupa tupu na maboksi ni vyepesi lakini vinajaza nafasi, hivyo lori dogo la mtaani likienda mbali linabeba hewa. Kwa mji ulio mbali hujengwa kituo cha uhamishio: malori madogo humwaga hapo, taka hushindiliwa kidogo, na lori moja kubwa hupeleka mzigo wa madogo kadhaa. Zisishindiliwe sana, maana karatasi na chupa zikishagandana hata kamera haizitofautishi.

Kwa upande wa pili wa hesabu, kuyeyusha alumini iliyotumika huokoa takriban asilimia 95 ya nishati inayohitajika kuitengeneza kutoka kwenye madini yake. Mafuta ya lori hayali akiba hiyo kirahisi. Kwa kioo, ambacho ni kizito na faida yake ya nishati ni ndogo zaidi, umbali una maana kubwa.

Mji mwenyeji unapata nini?

Unapata malori, kelele, vumbi, na nzi pale uzembe ukiingia. Hivyo ni haki yake kudai kitu. Kwa kawaida ni ada ya mwenyeji kwa kila tani inayoletwa kutoka nje ya mpaka wake, matengenezo ya barabara, na nafasi za ajira kwa wanaoishi jirani na kituo. Milango ifungwe malori yakimwaga, na saa za kuingia ziheshimiwe. Ningeongeza kwamba watu wa mtaa ule wawe na simu ya mtu mahsusi wa kumpigia usiku, anayepokea. Wasichague kiwanja kwa sababu tu wanaoishi karibu nacho ni maskini na hawana wa kuwasemea.

Kwa nini betri zinaogopwa hivyo?

Betri ya lithiamu ikikandamizwa au kutobolewa huweza kushika moto kwa ghafla, na kituoni imezungukwa na karatasi kavu. Inaweza kuwaka kwenye lori, chini ya gurudumu la mashine ya kusukumia, au ndani ya robota. Vifaa vyenye betri iliyofichwa ndani ndivyo vibaya zaidi, kwa kuwa hata mchambuzi mzoefu haioni: miswaki ya umeme, vitu vya kuchezea vya watoto, kadi zinazoimba. Moto mmoja unatosha kusimamisha miji yote kwa miezi. Kila mji uwe na vituo vya kupokelea betri peke yake, na mkataba useme wazi kituo kikiungua, taka za kila mji zitaelekezwa wapi kesho yake asubuhi.

Waokota taka watafanywa nini?

Wapo katika miji mingi ya dunia, na mara nyingi ndio waliokuwa wakirejeleza kabla ya mtu yeyote kuchora ramani ya kituo. Kituo kipya kikiwapokonya chupa na makopo bila kuwapa nafasi, kimewanyang'anya riziki, na pia kimejinyima watu wanaoijua plastiki kwa kuibonyeza tu kwa vidole. Mjini Pune, India, ushirika wa waokota taka uitwao SWaCH uliingia makubaliano na manispaa 2008 kukusanya taka mlango kwa mlango. Sheria ya taka ya Brazil ya 2010 inatambua vyama vyao kama washirika katika kazi hii. Miji inayoungana ikae nao kwenye meza moja kabla ya zabuni kutangazwa: wapewe kazi za kukusanya na kuchambua, glavu nene, chanjo ya pepopunda, na malipo kwa tani wanazookoa.

Nani anaamua mambo ya kituo?

Bodi ya pamoja. Kura zikifuata idadi ya watu pekee, mji mkubwa utakuwa unaamua peke yake na wengine wanakuja kunywa chai. Zikiwa sawa kabisa, mji mdogo unaweza kumfunga mikono anayelipa zaidi ya nusu. Suluhisho la kawaida ni kura zenye uzito kwa mambo ya kila siku, na sharti la miji yote kukubaliana kwa mambo makubwa kama mkopo mpya, mwanachama mpya au kubadilisha kanuni ya gharama. Takwimu za mizani na matokeo ya sampuli zitolewe kila mwezi, kila mtu azione.

Itakuwaje kama mji wetu ukipunguza taka zake?

Swali zuri, na wachache hulifikiria kwa wakati. Mikataba mingi ya vituo ina kifungu cha kuleta au kulipa: mji huahidi tani fulani kwa mwaka, na usipofikisha unalipia pengo. Mwenye kukopesha fedha za ujenzi hukipenda kifungu hiki. Lakini ukikisoma vizuri, kinauadhibu mji uliowashawishi watu wake kutumia chupa za kujaza tena. Ahadi iwe ya chini, ipungue kadiri miaka inavyokwenda, na nafasi iliyobaki wazi mji uruhusiwe kuiachia jirani.

Na tukitaka kujitoa?

Toeni taarifa mapema, lipeni sehemu yenu ya mkopo uliobaki, na mchukue thamani ya sehemu yenu ya mali kama ilivyokadiriwa na mtu wa nje. Kama mkataba hausemi hivyo, msiusaini.

Mimi ni mkazi tu. Nawezaje kujua kama kituo chetu kinafanya kazi?

Omba kukitembelea. Ukifika usikimbilie mashine. Nenda nyuma, yanapopangwa marobota, uyatazame ubavuni. La maboksi linatakiwa liwe la kahawia karibu lote. Ukiona mifuko ya rangi imechomoza kila upande, robota hilo litarudishwa. Angalia karatasi iko chini ya paa au inanyeshewa. Nyuzi za karatasi huchoka, zinarejelezwa takriban mara tano hadi saba tu, na mvua huzimaliza kabla ya wakati. Angalia kama wachambuzi wamevaa glavu na kama wana mahali pa kunawa. Kisha uliza tani ngapi ziliingia mwezi uliopita na tani ngapi zilikwenda dampo, kwa kila mji. Wakikupa namba zote mbili papo hapo, andika, na mwezi ujao uulize tena.